Jibu la Kipande cha Mwisho

Garissa, 3 Novemba 1997

Kwa Bwana Awil Nuh,
Pangani, Nairobi.

Assalamu alaykum.

Hunijui, nami sikujui ila kwa jina. Jina lako na anwani yako nimeyakuta ndani ya kompyuta ya ofisi yetu, juu kabisa ya faili moja, katikati ya majina ya Wazungu na Wajapani waliosaidiana kuiandika programu ya kupeleka barua kwa redio. Nilipoona "Awil Nuh, Nairobi" nilisimama kutoka kitini. Nikasema, kumbe kuna wa kwetu humu.

Mimi ndiye ninayeshughulikia redio na kompyuta katika shirika moja la misaada hapa Garissa. Tuna vituo Wajir, Ijara na Liboi. Mvua za mwaka huu umezisikia. Barabara zimegeuka mito, simu hazilii, na barua zetu zinasafiri hewani tu. Mtu wa kituoni anaandika barua kwenye kompyuta yake, programu inaikata vipande, redio inavirusha kimoja kimoja, na kompyuta yangu inaviunga tena. Fundi aliyetufungia mitambo hii, Mdenishi mmoja mpole, mkataba wake uliisha akaenda zake. Alituachia sidii yenye maandishi yote ya programu. Alisema, "Ni ya bure na iko wazi. Mkikwama, someni wenyewe."

Basi tumekwama. Nesi wetu wa Liboi alituma ombi la dawa, kuhara kumewaingia watu wa huko. Kompyuta yake ikamwambia barua imefika. Kwangu ikatoka kamili machoni: chumvi za kunywa, vidonge, sabuni, dawa ya kutibu maji. Ndege ikapakiwa kama ilivyoandikwa. Ilipotua Liboi nesi akauliza, "Maji ya dripu yako wapi?" Hayakuwemo. Yeye anaapa aliyaomba, aliyaandika mwisho kwa kuwa ndiyo mazito na alitaka rubani ayaone. Kwenye karatasi yangu hayapo. Mama mmoja anaitwa Maryan, mke wa Bwana Aweys mwenye duka la ngozi, alihitaji dripu siku hiyo hiyo. Alifariki.

Mkuu wa ofisi, Bwana Mursal, anasema nesi alisahau. Mimi naona jambo moja: nesi huyu hamalizi barua bila salamu na jina lake. Barua ile haikuwa na salamu wala jina. Ombi halipo tena hata kwenye kompyuta ya Liboi, programu huifuta barua ikishaamini imefika.

Nimefungua sidii. Faili ni nyingi kama kokoto. Nimeanza faili ya kwanza mstari wa kwanza, na siku ya tatu sijui tena nilikuwa natafuta nini. Bwana Awil, wewe uliyeitengeneza, kosa liko wapi?

R. Korane


Nairobi, 12 Novemba 1997

Ndugu Korane,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeletewa na kondakta ambaye anasema basi lake ndilo la mwisho kupita kabla Tana haijaimeza barabara. Jibu hili nalipeleka uwanja wa Wilson, liende na ndege yenu. Na umefanya vyema kuandika Kiswahili. Kisomali nimezaliwa nacho, lakini hakuna shule iliyonifundisha kukiandika.

Nikutoe tamaa kwanza, kisha nikurudishie. Programu hii sikuitengeneza. Niliandika faili moja tu, ile inayozungumza na modemu, kwa sababu modemu yangu ilikuwa kuukuu na haikuelewana nayo. Faili nyingine sijazisoma hata siku moja. Ila nimeingia katika programu nyingi za watu nisiowajua, na nimejifunza namna ya kuingia.

Kosa lako ni moja: umeanza kuisoma kama kitabu. Baba yangu alipohamisha ngamia kwenda malisho mageni, upande wa Wajir, hakuanza kuhesabu miti. Aliuliza maji yako wapi, na nyayo zinaelekea wapi. Fanya hivyo hivyo.

Kabla ya lolote, nakili saraka nzima, yaani folda yenye faili zote, pembeni, ufanye kazi kwenye nakala. Halafu soma faili iitwayo README na ile iitwayo Makefile. Hizo ndizo zinazokueleza wenyewe waliita nini nini, na faili gani zinajengwa pamoja. Kisha andika hivi:

wc -l *.c | sort -n

Utaonyeshwa kila faili ina mistari mingapi, ndogo juu, kubwa chini. Zile kubwa mbili tatu za chini ndiko kijiji kiliko. Nyingi nyingine ni vibanda vya njiani. Usiziguse kwanza.

Sasa nyayo. Kompyuta ilimwambia nesi wako barua imefika. Ilitumia maneno gani hasa? Maneno hayo hayakutoka mbinguni, mtu aliyaandika ndani ya faili. Yatafute kwa grep. Unaipa neno, inapita faili zote na kukuletea kila mstari wenye neno hilo, pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Ukifika hapo, uko karibu na tatizo kuliko ungefika kwa kusoma mwezi mzima. Kuanzia hapo rudi nyuma: nani aliamuru maneno haya yatoke? Na huyo aliamriwa na nani?

Ili usichoke kurudi nyuma, endesha ctags *.c mara moja. Itakutengenezea faharasa. Ukiwa ndani ya vi, ile programu ya kuhariri maandishi, weka kishale juu ya jina lolote, bonyeza Ctrl na mabano ya mraba ya kufunga, nayo itakupeleka mahali jina hilo lilipoelezwa. Na chukua karatasi kubwa. Chora: huyu anamwita yule, yule anamwita huyu. Si uchoraji wa kupendeza, mishale tu.

Neno la mwisho, ndugu yangu, nalisema kwa uzoefu wa miaka. Mara nyingi mtambo unasingiziwa. Mhoji vizuri huyo nesi. Mtu aliyechoka, wagonjwa wamemzunguka, hukumbuka kuandika kitu ambacho alikiwaza tu.

Mwambie mama watoto akuwekee chupa ya chai karibu. Kazi hii inataka chai.

Awil Nuh


Garissa, 24 Novemba 1997

Kwa Bwana Awil Nuh,

Barua yako nimeipata. Shukrani kwa maelekezo.

Nimefanya kama ulivyosema. Faili kubwa ni tatu. Maneno yaliyotokea Liboi ni "Message delivered". Grep imeyakuta mahali pawili: kwenye faili ya maelezo, na kwenye faili iitwayo send.c. Kwa hiyo kati ya kokoto zote zile nimebaki na jiwe moja. Nilicheka peke yangu ofisini. Karatasi nimeigundisha ukutani, nyuma ya kalenda ya mashindano ya mifugo, na mishale inaongezeka.

Kuhusu kumhoji nesi: nimemhoji. Yuko hapa. Bwana Mursal amemrudisha kutoka Liboi kwa ndege iliyopeleka dripu, na kituo kimebaki na msaidizi wake tu. Alishuka na mfuko mmoja wa plastiki. Liboi watu wameacha kumsalimia. Bwana Aweys alimwambia mbele ya dispensari, "Uliomba sabuni ukasahau mke wangu."

Nesi huyu anaitwa Faduma. Ni habaryar yangu, mdogo wake mama. Alinilea tangu mama alipofariki. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu nilitaka uitazame programu, usinitazame mimi. Ni mwanamke ambaye huhesabu sindano kabla ya kulala na baada ya kuamka. Hakuna kitu alichokiwaza tu.

Kama kazi yako inaisha kwa kumlaumu aliyekaa kwenye kibodi, niambie, nitaendelea bila wewe. Njia umekwisha kunionyesha.

R. Korane


Nairobi, 2 Desemba 1997

Ndugu yangu Korane,

Nimepigwa, na nilistahili. Nisamehe, na uniombee radhi kwa Bi Faduma. Nilizungumza kama watu wa warshani kwetu wanavyozungumza, sisi ambao tukikosea anayeumia ni mteja aliyepoteza hesabu zake, si mama wa mtu.

Turudi kazini. Umefika send.c, hongera. Wengi huchukua siku nyingi kufika hapo. Sasa usisome faili yote. Soma mstari wenye maneno yale, kisha tazama juu yake tu: kuna sharti. Maneno hayo yanatoka endapo kitu fulani ni kweli. Kitu gani? Lazima kuna jina fulani linalolinganishwa na jingine. Uyatie majina hayo mawili kwenye grep, moja baada ya jingine, uone ni wapi yanaongezeka na wapi yanapungua. Programu nzima inaweza kuwa ndefu kama barabara ya Mandera, lakini sharti lenyewe huwa mstari mmoja.

Na jiulize swali hili, kwa sababu mimi limenikosesha utulivu tangu nisome barua yako: kwa nini kosa hili halikuonekana kabla ya mvua? Programu ni ile ile. Redio ni ile ile. Kilichobadilika ni hewa. Mvua na radi zinaleta makelele, majibu yanachelewa. Tafuta mahali programu inapongojea jibu.

Nimezungumza na ofisi yenu ya hapa. Wamekubali kunipa nafasi kwenye ndege wiki ya Krismasi, mizigo ikipungua. Usihangaike na hoteli. Nitalala kwako, mkeka sebuleni unanitosha, mimi na wewe tutaimaliza kazi hii kama wanaume wawili, tukila tunapofanyia kazi.

Awil


Garissa, 11 Desemba 1997

Bwana Awil,

Nimelipata.

Acha nikueleze kwa utaratibu. Sharti lenyewe liko hivi: maneno "imefika" yanatoka wakati idadi ya majibu imelingana na idadi ya vipande. Majina mawili, kama ulivyosema. Nikalifuata lile la majibu kwa grep. Linaongezwa mahali pamoja tu, kila jibu linapoingia. Kila jibu, Bwana Awil. Jibu lolote.

Nikaenda kwa ctags hadi mahali jibu linaposomwa. Kila jibu huja na namba ya kipande chake: nimepata cha kwanza, nimepata cha pili. Namba imo, imehifadhiwa vizuri, ina hata jina lake. Nikaitia grep nione nani anaitumia. Hakuna. Inapokelewa mlangoni na kuachwa hapo hapo.

Sasa fikiria siku ya mvua. Liboi inatuma kipande. Jibu langu linachelewa kwa makelele. Liboi inadhani kimepotea, inakituma tena. Mimi nakipata mara mbili, najibu mara mbili. Majibu mawili ya kipande kimoja, na programu inahesabu mawili. Tangu hapo iko mbele ya ukweli kwa hatua moja. Ikifika kipande cha mwisho, inakirusha, na jibu lililochelewa la kipande kilichotangulia linaingia, hesabu inatimia. "Imefika." Inafunga, inafuta. Na kama radi imekimeza kipande cha mwisho, hakuna wa kujua. Kipande cha mwisho cha barua ya habaryar kilikuwa na dripu, salamu, na jina lake.

Nilipomweleza, akaniambia, "Kwa hiyo niliyaomba." Nikamwambia, "Uliyaomba." Akainuka akaenda kutawadha.

Jambo la pili nilipaswa kulisema mapema. Kwangu huwezi kulala, Bwana Awil, wala hakuna mama watoto wa kuweka chai. R ni Ruweyda. Naishi na habaryar na wadogo zangu wa kike, na majirani wa mtaa wa Bulla Iftin wana macho. Nilikuacha uendelee kwa sababu uliniandikia kama fundi anavyomwandikia fundi, nami nilihofu kwamba nikisema ungeanza kuniandikia polepole, kwa maneno makubwa ya kunipa moyo. Ukija bado, ofisi ina chumba cha wageni, na chai utapikiwa na mlinzi, naye huitia tangawizi nyingi.

Ruweyda Korane


Nairobi, 18 Desemba 1997

Walaal Ruweyda,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama nikaimaliza nimekaa. Tangu mwanzo ningekuita walaal, neno letu lisilobagua ndugu wa kike na wa kiume, nisingeaibika hivi. Mke wangu ameisoma naye. Amecheka mpaka akanipokonya kikombe, akasema kuanzia leo chai nijipikie.

Nimefungua send.c hapa, nikaenda moja kwa moja ulikoniambia. Uko sawa. Nimejaribu kuipinga hoja yako kwa njia zote nizijuazo, imekataa kupingika.

Nafasi ya ndege nimeirudisha, wapakie dawa badala yangu. Sikususa. Nilikuwa nije kutafuta kosa, nawe umelipata. Marekebisho ni mistari michache na utayaandika mwenyewe: jibu likija, soma namba yake, kama si ya kipande unachokingojea, litupe, kama ndiyo, hesabu. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii jinsi mimi ningefanya, ila ningependa uandike yako kabla hujaigeuza.

Ushauri mmoja. Usimpelekee Bwana Mursal mishale yako ya ukutani. Mtu asiyeijua kazi hii ataona umemtetea mama yako mdogo kwa uchawi. Mwonyeshe. Una kompyuta mbili ofisini, ziunge kwa waya, moja iwe Liboi. Icheleweshe ile inayopokea isijibu haraka, kisha mwachie yeye mwenyewe achomoe waya.

Ukimaliza nitayatuma marekebisho kwa wenye programu ili wayaingize katika toleo lijalo. Wataandika jina lako. Niliandike vipi, R. au Ruweyda?

Awil


Garissa, 5 Januari 1998

Walaal Awil,

Ramadhani karim. Liandike Ruweyda, herufi zote.

Niligeuza karatasi yako baada ya kuandika yangu. Yako ni fupi zaidi, lakini yangu niliielewa kwa haraka, nikaiacha yangu.

Sasa nikusimulie. Niliziunga kompyuta mbili juu ya meza ya mikutano. Bwana Mursal alikuja na watu wawili wa stoo. Habaryar hakutaka kuingia, alikaa kwenye benchi nje ya mlango, mgongo kwetu. Nikaandika barua ndefu kwenye ile ya "Liboi", nikaiweka programu ya zamani bila kugusa kitu, na ile ya kupokea nikaichelewesha. Nikamwambia, "Bwana Mursal, shika waya huu. Nitakapokuambia, uchomoe."

"Nitaharibu?"

"Haiharibiki. Ni mvua tu tunaitengeneza."

Vipande vikaanza kwenda. Kilipobaki cha mwisho, na jibu la ziada limeshaingia Liboi, nikasema chomoa, akachomoa. Tukasubiri. Skrini ya Liboi ikaandika barua imefika.

Akaitazama skrini. Akautazama waya mkononi mwake, ncha inaning'inia. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Imefika wapi? Waya ninao mimi!"

Nikafungua ile ya pili, akaisoma barua iliyofika. Haikuwa na mwisho. Nilikuwa nimemaliza barua kwa jina lake yeye, Mursal, na jina halikuwepo.

Nikapakia programu niliyoirekebisha, tukarudia. Safari hii alipochomoa, skrini ikabaki inangoja. Alichomeka mwenyewe bila kuambiwa, na kipande kikaenda. Akarudia hivyo mara nyingi, kama mtu anayejaribu kufuli jipya. Watu wa stoo walitabasamu lakini yeye hakutabasamu. Akatoka nje hadi benchini.

"Faduma," akasema, "uliyaomba yale maji."

Habaryar hakugeuka. "Nilikwambia siku ile niliposhuka ndege, pale uwanjani."

"Nitakuandikia barua. Nitasema shirika limekosea. Unaweza kurudi Liboi, au ukitaka ubaki hapa Garissa, hospitali karibu, nyumba karibu."

"Barua huandikiwa mtu mmoja," akasema. "Aibu niliipata mbele ya mji mzima. Nitarudi Liboi, ila useme kwa redio, kwa mdomo wako, vituo vyote vikisikiliza. Na siku hiyo redio yangu nitaiweka nje ya dispensari."

Bwana Mursal ni mtu mwenye heshima yake, na cheo chake. Alisimama pale akivua na kuvaa miwani. Nilidhani atakataa. Akasema, "Sema wewe, siku gani."

Kwa hiyo habaryar ameondoka na ndege, na disketi yangu imo kwenye mfuko wake wa sindano. Nimemwandikia hatua za kuipakia, na nimemfundisha grep pia, kwa kuwa aliniuliza, "Na kesho ikidanganya tena, nitajuaje?" Wajir na Ijara disketi zao zinafuata.

Nakuandikia nikiwa sina uhakika wa kitu kimoja tu: kama Liboi watamsikiliza.

Ruweyda


Liboi, 19 Januari 1998

Mwanangu Ruweyda,

Nimefika salama na saumu yangu sijaivunja. Disketi nimeipakia mwenyewe. Ilinigomea mara moja kwa sababu niliandika herufi kubwa mahali pa ndogo. Mashine hii ina kiburi kama cha daktari mgeni.

Siku za kwanza nilipofika hapa watu walinijia kwa dawa tu. Walichukua, walishukuru kwa kichwa, wakaenda. Sikuwalaumu. Niliwatibu.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya redio. Wewe ulikuwa kwenye chumba cha redio Garissa ukiifungua hewa, kwa hiyo sauti ulizisikia. Nikueleze ambacho hukukiona. Niliitoa meza nje, nikaiweka redio juu yake, betri ya gari chini. Nilimwambia kila mgonjwa aliyekuja asubuhi: ofisi ya Garissa itazungumza saa za alasiri, mwenye masikio aje. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wafanyabiashara wa ng'ombe waliokuwa wakingoja ukaguzi mpakani walikuja, na hata askari mmoja. Bwana Aweys alikuja mwisho. Hakukaribia. Alisimama penye ukuta wa duka la jirani, mikono nyuma.

Bwana Mursal alisema kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wasiojua Kisomali. Hakuzungukazunguka, nampa haki yake. Alisema nesi Faduma wa Liboi aliomba maji ya dripu, na mtambo wa shirika ndio uliolikata ombi lake, na yeye Mursal alimhukumu bila kuuchunguza mtambo. Alisema anaomba radhi kwangu na kwa familia ya marehemu Maryan, akamtaja kwa jina la baba na babu.

Wajir wakajibu kwamba wamesikia. Ijara wakajibu. Ikaja zamu yangu, sauti yako ikaita, "Liboi, Liboi, umesikia?"

Mwanangu, nilikishika kipaza sauti na sikuweza kukibonyeza. Nilikuwa nimepanga maneno. Njia nzima kwenye ndege nilikuwa nayapanga, na mengine hayakuwa mazuri. Nikamtazama Aweys. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Akaja hadi mezani, akasimama upande wangu, sote wawili tukiwa mbele ya watu.

Tangu mazishi hajawahi kulitamka jina langu. Akasema, "Jibu, Faduma. Wanakungoja."

Nikabonyeza. Nikasema, "Liboi imesikia." Yale mengine yote niliyopanga niliyaacha. Nikawaambia waiachie hewa, kwa sababu nina wagonjwa ndani na ombi refu la dawa la kutuma kabla ya kufuturu.

Habaryar yako,
Faduma